Upande wa Kushoto wa Gari la Mama

12 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Huku tumeamka wazima, isipokuwa mafua yanayozunguka nyumba nzima kama mgeni asiyejua kuaga. Shangazi anakusalimu. Goti lake limekubali dawa, sasa anakwenda mpaka kwa jirani kusengenya na kurudi bila fimbo. Mimi sare za shule za kushona zimenijaa hadi kitandani, nalala na kola za watoto wa watu. Kaka hajambo, anakula vizuri, anakusalimu sana.

Gari la Mama linatembea. Wiki iliyopita tulimpeleka hospitali mke wa seremala, akajifungua mapacha salama. Seremala alikuja na kiti kipya kama shukrani. Nikamwambia gari letu halipokei malipo, hata ya kukalia, akaondoka nacho kichwani huku akiuombea Mfuko wetu wote, waliochangia na watakaochangia. Laiti ungemwona.

Sasa jambo lililonifanya nichukue kalamu badala ya simu, maana nikizungumza kwa simu, kaka yuko chumba cha pili, na kuta zetu unazijua. Hivi hatuwezi kuajiri dereva? Hata wa kusaidiana tu. Kaka anachoka. Juzi amegonga nguzo ya geti letu wenyewe, geti alilolijenga kwa mikono yake, kisha akacheka akasema geti limesogea. Na mimi nilicheka, ila kicheko changu kiliishia mlangoni.

Siku hizi kila safari napanda naye. Nakaa mbele, upande wa kushoto. Usiniulize kwa nini, nijibu tu hilo la dereva.

Mdogo wako.

9 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mafua yenu yapikieni tangawizi, na shangazi mwambie goti likipona ulimi nao upumzishwe. Huku ugenini baridi inaingia mpaka kwenye meno. Hapa kazini, chumba cha kufulia cha hospitali, mashine moja ya kukaushia imekufa, tunaanika mashuka kwenye korido na madaktari wanapita wameinama kama wanaingia kwenye banda la kuku.

Barua yako nimeisoma. Jibu ni hapana, na nitakwambia kwa nini, kwa kuwa siku ile aliyofariki mama wewe ulikuwa umekwenda kumwita shangazi na hukuona. Mimi niliona. Dereva wa kukodi alikuja, gari likasimama mlangoni, injini ikinguruma. Mama alikuwa kwenye benchi, damu ya uzazi inamtoka, mimi na kaka tumemshika huku na huku. Yule bwana akamtazama mama, akavitazama viti vyake, akasema ngojeni kwanza nikatafute nailoni ya kutandika. Akaenda duka hadi duka. Aliporudi na nailoni yake mkononi, mama alikuwa ameshatutoka.

Ndiyo maana baada ya msiba tulikaa, watoto wote na mabinamu, tukasema tutaanzisha Mfuko wa Mama, Mfuko utanunua gari, mwenye uchungu yeyote wa mitaa yetu atapelekwa hospitali bure, na usukani hautashikwa na mkono wa kuajiriwa. Wa kuajiriwa anahurumia viti. Mtoto wa mama anamhurumia mama. Hiyo ndiyo sheria, na mimi kama mwenyekiti sitakuwa wa kwanza kuivunja.

Kaka akichoka alale. Nguzo ni nguzo tu. Mbona baba alikuwa anajigonga kwenye milango kila siku, tukimwita Fundi Milango, na hatukumwitia kikao?

Dada yako.

27 Februari

Dada,

Shikamoo. Shangazi mzima, mafua yameaga. Binamu yetu mchomeleaji amelitengenezea gari ngazi ya nyuma ili wagonjwa wapande bila kunyanyuliwa, kazi safi.

Dada, kaka haoni pembeni.

Nimeiandika sasa, nilikuwa nimeapa kwa kaburi la mama kwamba sitaisema na nimeisema, Mungu anisamehe. Mbele anaona. Ukisimama mbele yake atakwambia kifungo chako kimekatika. Lakini kulia na kushoto hamna kitu. Nilimjaribu mezani. Alikuwa anakula huku akitazama ukutani, nikasogeza kikombe cha chai taratibu karibu na sikio lake la kushoto, nikakirudisha, nikakisogeza tena. Hakugeuka. Nikasogeza upande wa kulia, hakugeuka. Nikakileta mpaka karibu na pua ndipo akashtuka, akaniuliza kwa nini namrushia vikombe. Halafu akaelewa. Akaweka kijiko chini, akaniambia, "Ukimwambia Dada, gari litasimama. Likisimama, atakufa mama wa mtu. Unataka hiyo?"

Ndipo tukapanga hivi tunavyofanya sasa. Yeye anaendesha mbele, mimi namsomea pembeni. Nanong'ona ili aliyelala nyuma asisikie: kushoto mtoto, kulia baiskeli, kushoto mbuzi wawili, kulia kweupe. Ananiita Kioo, kile cha pembeni. Anatania, Dada. Nikishuka hospitali najikuta nimelikunja gauni kwa kulifinya. Halafu watu wanatushika mikono, wanasema familia hii ina moyo.

Anakusikiliza wewe tu. Mwambie aache. Kuhusu sheria tutajua huko mbele ya safari, lakini kwanza aache.

Mdogo wako.

15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu lako. Kwenye simu unaniuliza mvua, unaniuliza shangazi, nikinyamaza kidogo unasema mtandao mbaya. Mtandao hauna ubaya wowote. Basi nakuandikia tena, na safari hii usinijibu mambo ya mvua.

Tumegonga.

Tulikuwa tumempakia mke wa mwalimu, uchungu umemkolea, anapiga ukuta wa gari kwa kiganja. Jua la asubuhi lilikuwa linatutazama usoni. Kwenye ile kona ya kinu cha kusaga, binti mdogo akatoka kushoto na ndoo kichwani. Nadhani nilikuwa nimegeukia nyuma kumtuliza mgonjwa. Nilisikia kishindo, ndoo ikaruka, maji yakamwagika kwenye kioo chote cha mbele. Kaka akaniuliza kwa utulivu kabisa, "Jiwe hilo?" Akaendelea kuendesha. Mimi ndiye niliyevuta breki ya mkono.

Mtoto mzima. Goti limechubuka, ndoo imepasuka. Nimemshika mwili mzima, nimemhesabu vidole kama mtoto mchanga. Lakini sikiliza kilichofuata, maana ndicho kinachoninyima usingizi. Watu walikuja mbio, wanaume na magongo yao, wakafika, wakaona ni Gari la Mama. Magongo yakashuka. Mama wa mtoto akamzaba mtoto wake kibao kwa kutotazama barabara, kisha akatuomba radhi sisi. Akasema twende, tusimcheleweshe mgonjwa kwa ajili ya ndoo. Tungekuwa watu wa teksi wangetuchoma na gari letu. Kwa kuwa tunatoa sadaka, walitusafishia kioo.

Hakuna atakayetuzuia, Dada. Tutaua mtu na watatuletea chai.

Kaka alikuwa amebaki kwenye usukani, kelele za mgonjwa zimemziba masikio, nikamwambia ni ndoo iliyokuwa njiani. Jioni ile niliuficha ufunguo kwenye boksi la vifungo. Siku ya pili akaja muuza mkaa, anapiga mlango, mkewe ameanguka uani. Nikautoa mwenyewe. Wewe ungefanyaje?

Mdogo wako.

8 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zako za tarehe kumi na tano nimezipata, na zile za kabla yake nilizipata zamani. Sikukosa nafasi ya kujibu. Nilikosa moyo.

Niliposoma habari ya kikombe, nilicheka peke yangu, nikasema mdogo wangu ameacha cherehani amekuwa daktari. Kisha nikamwita mwenzangu wa zamu, mama mmoja mpole anayekunja mashuka pamoja nami, nikamwomba anichezee huo mchezo. Nikatazama mashine. Nikamwambia, haya, anza. Akasema, nimeshaanza. Nikamwambia basi sogeza karibu. Niligeuza shingo, nikakuta kikombe kiko begani kwangu.

Nilikuwa najua, na nilikuwa sijui. Nilikuwa nagongana na vitoroli vya nguo nikawalaumu wanaovisukuma. Nimemgombeza mkubwa wa zamu kwa kunijia kimyakimya, maskini, alikuwa amesimama pale muda wote. Nilikwenda kupimwa. Kumbe ni presha ya macho. Inakula pembeni kwanza, haiumi, na ilichokwisha kula hakirudi. Nimepewa dawa ya matone ya kuizuia isiendelee. Daktari akaniuliza nani mwingine nyumbani. Nikamwambia baba alikuwa anajigonga kwenye milango na sisi tulikuwa tunacheka. Akaniambia hii hutembea kwenye ukoo, ndugu wote wa tumbo moja wapimwe, wote, hata wanaojiona wazima.

Kazini sijasema. Nikisema wataniondoa kwenye mashine, na nikiondolewa sina cha kutuma kwenye Mfuko wala cha kula. Naogopa mdogo wangu. Nikivuka barabara nasimama mpaka avuke mtu mwingine, namfuata nyuma kama kondoo.

Kaka nimemwandikia barua yake, imo humu ndani, msomee wewe. Nimemwamuru aache leo. Na sheria yetu isivunjike, jifunze kuendesha wewe. Mkono wa mtoto wa mama uliobaki ni wako. Lakini kwanza mwende wote wawili mkapimwe.

Dada yako.

3 Juni

Dada,

Shikamoo, na pole. Neno pole ni dogo lakini sina jingine. Nilipofika kwenye ule mstari wa kikombe begani nililia mpaka shangazi akaja kuuliza nani amekufa. Nikamwambia vitunguu. Akatazama, hakukuwa na kitunguu, akaenda zake.

Kaka nilimsomea barua yako uani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nisome tena pale panapokuhusu wewe, si yeye. Kesho yake tulikwenda hospitali ya macho. Walimwekea kidevu kwenye mashine, wakamwambia abonyeze kitufe kila akiona nuru ndogo. Nuru zilikuwa zinawaka, Dada, mimi nilikuwa naziona kwenye kioo cha nyuma ya daktari, na kaka alikuwa amekaa na kidole hewani anasubiri. Daktari alimwambia haruhusiwi hata baiskeli.

Njiani kurudi alinishika mkono. Hajanishika mkono tangu tukiwa shule. Akaniuliza, "Ile ndoo ya pale kinu, ilikuwa njiani tu?" Nikamwambia haikuwa chini. Akauliza ilikuwa imebebwa na nani. Nikamwambia. Akasimama katikati ya watu, akavua kofia, akaivaa tena, tukaendelea kutembea. Tulipofika aliuweka ufunguo mezani na hajaugusa tena. Anakaa kwenye ngazi ya gari mchana kutwa kama mlinzi wa benki isiyo na pesa.

Gari limesimama tangu hapo. Wiki iliyopita mke wa mfyatua matofali alipelekwa kwa mkokoteni. Alijifungulia njiani, kando ya mtaro. Mtoto hakulia. Mfyatua matofali alipita mbele ya geti letu akalitazama gari, akaendelea na njia yake, na afadhali angetukana.

Kuhusu mimi kujifunza, Dada, mimi na usukani wapi na wapi. Sare zimenibana, muhula unafunguliwa, na kule wanakofundisha kuna foleni, wanaanza kukupima hiki na kile, siku inakwisha. Yupo mzee mmoja aliyeacha kazi ya malori, wanamwita Polepole. Hajawahi kugonga hata kuku. Niruhusu nimwajiri. Nakuomba kama mdogo anavyomwomba mkubwa.

Mdogo wako.

30 Juni

Mdogo wangu,

Mwajiri. Nimezungumza na mabinamu wote kwenye simu, mmoja mmoja. Wawili wamenuna, mmoja amesema tunamzika mama mara ya pili. Nikamwambia habari ya mkokoteni, akauliza huyo mzee anataka mshahara gani. Sheria tuliiweka kwa uchungu na uchungu haukuwa na makosa. Ila mtoto wa yule mfyatua matofali hakuwa na habari na uchungu wetu.

Panda naye safari za kwanza, umtazame anavyowatazama wagonjwa. Akiulizia nailoni, mshushe palepale.

Kazini nimesema. Nimehamishiwa kukunja taulo nikiwa nimekaa, mshahara umepungua, lakini sijafukuzwa.

Sasa nikuulize wewe. Umeniandikia ukurasa mzima kuhusu macho ya kaka. Umelia kwa macho yangu. Ya kwako hukuandika hata mstari. Ulikwenda hospitali ya macho na kaka, ukasimama nyuma ya daktari, ukarudi. Ulipimwa?

Dada yako.

6 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo. Shangazi mzima, kaka mzima. Siku hizi kaka ndiye anayepokea watu wanaokuja kubisha hodi, anawatuliza, anauliza uchungu umeanza lini, anawaandalia godoro. Anaifanya vizuri hiyo kazi, wanawake wanamsikiliza.

Polepole ameanza. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya mke wa fundi viatu, maji yameshavunjika, yanachuruzika mpaka kwenye ngazi. Nilimtazama Polepole usoni kama ulivyoniagiza. Hakuvitazama viti. Alimbeba yule mama mwenyewe akamlaza, shati lake likalowa kifuani, akaingia kwenye usukani na shati hilohilo.

Mimi nilikaa mahali pangu. Mazoea yana tabu. Tulipofika njia panda ya shule nikajikuta nasema kama nilivyokuwa namwambia kaka, "Kushoto kweupe, twende." Polepole akakanyaga breki mpaka tukainama sote. Nikamfokea. Nikamwuliza kwa nini anasimama na mgonjwa yuko nyuma. Alinionyesha kwa kidole tu. Watoto wawili wa shule, wameshikana mikono, walikuwa wameshafika mbele ya taa yetu ya kushoto. Sare zao nilizishona mimi. Walivuka wakatupungia.

Walitoka upande wangu, Dada. Nilikuwa natazama hukohuko.

Polepole aliendesha mpaka tukamfikisha mgonjwa. Amejifungua mvulana, analia kama king'ora. Ndipo akaniambia kwa upole, "Mama, kuanzia leo pembeni niachie mimi."

Umeniuliza kama nilipimwa. Nilipoona zile nuru kwenye kioo cha daktari sikuziona zote, niliona za katikati, nikajiambia ni kwa sababu nilikuwa mbali. Daktari aliniita nikae kwenye kiti. Nikamwambia nina sare za kumalizia. Na siku ile ya ndoo sikuwa nimegeukia nyuma. Nilikuandikia neno nadhani, lakini nilikuwa najua. Nilikuwa natazama barabara, na binti yule sikumwona mpaka maji yalipotumwagikia. Tulikuwa wawili kwenye viti vya mbele vya gari lile, kaka akiniamini mimi, na mimi nikijiamini.

Tangu jana sijashona. Nimekaa mbele ya cherehani, nafumba jicho moja, nafumbua, nasogeza mkono taratibu pembeni ya kichwa changu, nausubiri utokee. Naogopa sana. Nikikosa macho sina kazi nyingine, na nyumba hii inakula kwa sindano yangu.

Nimemwambia kaka. Hakushtuka. Amesema kesho asubuhi tunakwenda wote, Polepole ataendesha, na amesema mimi nikae nyuma, kwenye godoro, wanakokaa wagonjwa. Nimemwambia sawa.

Mdogo wako.